Chaji Tatu na Pazia la Dirishani

Veneranda hakuwa na meza ya kuandikia. Alitumia kibao cha kusukumia chapati, akikifuta unga kwanza. Hakuwa na kikokotoo, maana kile cha simu kilikataa namba zenye vipeo. Maabara ya shule aliyosoma kule Mufindi ilikuwa na mlango, kufuli na jina lililoandikwa kwa rangi ya bluu, na mambo yakaishia hapo. Mwalimu wa fizikia hakuwa naye tangu kidato cha pili, alipohama yule aliyekuwapo na asiletwe mwingine. Hakuwa na alama ya kuonyesha watu, kwa sababu kwenye cheti chake cha kidato cha nne somo hilo lilikaa na F, peke yake, kama mgeni asiyekaribishwa kiti. Hakuwa na Kiingereza cha kujivunia, na maswali yote yaliandikwa kwa Kiingereza. Na juu ya yote hayo, hakuwa na ruhusa ya kumtazama usoni mtu pekee katika nyumba ile aliyeijua fizikia kama anavyojua njia ya kwenda kanisani kwake.

Mtu huyo alikuwa baba mkwe wake, Mzee Yotamu Mwakalobo.

Mzee Yotamu alifundisha fizikia katika shule za sekondari za Mbeya mpaka alipostaafu, na wanafunzi wake wametapakaa kila mahali. Wengine ni mainjinia, wengine marubani. Alijenga nyumba yake Isanga, mlima Loleza ukiwa nyuma yake na barabara ikiwa mbele. Kisha presha ya macho ikamwingia polepole, na kufikia wakati Timotheo, mwanawe dereva wa malori ya Zambia, anamleta mke kutoka Igowole, hukohuko Mufindi, mzee alikuwa anatofautisha mwanga na giza tu.

Lakini Mzee Yotamu ni Mnyakyusa wa mtindo wa zamani. Kwa wazee wake, mkamwana na baba mkwe hawakutani ana kwa ana. Hawaketi chumba kimoja, hawali pamoja, hawapeani kitu mkono kwa mkono, na akipita mmoja, mwingine anapisha. Siku hizi wengi wameacha, hasa wa mjini. Yeye hakuacha. Alipotaka kwenda uani aligonga fimbo yake sakafuni, na Veneranda akisikia fimbo alijitanda kitenge kichwani na kuingia chumbani upesi.

Mkewe, Mama Eveline, alimcheka mpaka akachoka.

"Baba Timo, wewe hata huyu mtoto akikaa kwenye goti lako hutamwona! Unamkwepa nini?"

"Sikuanza kumwepuka kwa sababu ya macho, Mama Timo," mzee alijibu. "Kwa hiyo macho yakiondoka, heshima inabaki palepale."

"Haya. Basi na mimi nigongee fimbo, nijue unapokuja."

Veneranda mwenyewe, ambaye kwao ni Wahehe na hawakai hivyo, hakulalamika hata mara moja. Alisema tu kwamba kila nyumba ina namna yake ya kuingilia, na mtu akishaijua haimsumbui. Neno hilo Mama Eveline alilifikisha kwa mumewe, na mzee akatikisa kichwa kwa namna ya mtu aliyepewa zawadi asiyoitarajia.

Sasa, habari yenyewe ilianza kwenye majani ya chai.

Kabla ya kuolewa, Veneranda alifanya kazi kiwanda kimoja cha chai huko Mufindi, upande wa kuchambua. Kulikuwa na mashine yenye mabomba ya plastiki yanayozunguka yakisuguana na kitambaa, na chini yake chai iliyokaushwa inapita. Nyuzi na vijiti vyepesi vinaruka kutoka kwenye chai na kung'ang'ania plastiki, chai nzuri inaendelea na safari. Hakuna gundi, hakuna upepo. Wenzake walizoea. Yeye hakuzoea. Alimuuliza fundi, fundi akamwambia, "Ni umeme wa msuguano, dada." Akauliza kwa nini unavuta vijiti na hauvuti chai. Fundi akamwambia ana kazi nyingi.

Swali hilo alikuja nalo Mbeya pamoja na sanduku la nguo. Na aliposikia redioni kwamba chuo kimoja cha ufundi kule Iringa kinachukua watu wazima kusomea ufundi sanifu wa umeme, hata walioanguka fizikia, alimwandikia Timotheo ujumbe, Timotheo akajibu kutoka Ndola: "Nenda tu mke wangu, ila wazee waambie." Chuo kilikuwa na sharti lake. Mwombaji anatumiwa mazoezi nyumbani, anayafanya kwa mkono wake kwenye karatasi, anayarudisha kwa bahasha. Picha za simu hawazipokei, kwa kuwa watu walikuwa wanarushiana majibu. Mazoezi ya mwanzo ni ya kukunoa. La mwisho ndilo la kukuingiza au kukuacha nje: ukilikosa, njoo mwaka mwingine, na chuo kilikwishatangaza kwamba mwaka mwingine watachukua wenye alama za kutosha tu. Kwa mwenye F, mlango ulikuwa huo mmoja, na zoezi la mwisho lilihusu nguvu za umeme kati ya chaji.

Mwanzoni Mama Eveline ndiye aliyekuwa mjumbe. Veneranda anauliza jikoni, mama anapeleka barazani, anarudi na jibu.

"Anauliza, chaji mbili zinavutana lini na zinakimbiana lini?"

"Mwambie zinazofanana zinasukumana, zisizofanana zinavutana."

Mama Eveline anaingia jikoni. "Anasema wanaofanana hawapatani. Kama mimi na wifi yangu."

"Na kiasi cha nguvu, mama? Kinatoka wapi?"

Mama anatoka, anarudi. "Anasema uzidishe chaji kwa chaji, uzidishe na kei, ugawe kwa mraba wa... wa sijui nini. Wa njia."

"Wa umbali?"

"Umbali, njia, si kitu kimoja? Mwanangu, miguu yangu imechoka na mchele wangu unaungua. Dirisha lako linatazama baraza, na lina pazia. Keti ndani, yeye akae nje, semeni wenyewe. Sauti si sura."

Mzee Yotamu alifikiri siku nzima kuhusu jambo hilo. Kisha akakubali kwamba sauti si sura, akaomba benchi lake lisogezwe ukutani.

Hivyo ndivyo shule ile ilivyoanza. Veneranda alikaa kitandani ndani ya chumba chake, kibao cha chapati magotini, akielekea dirisha. Mzee alikaa nje, naye akielekea dirisha hilohilo ili asikie vizuri, na kati yao pazia zito la maua. Kwa kuwa hakuweza kuona mchoro wowote, alijitengenezea ubao wake: kipande cha mbao na vizibo vya soda. Kizibo kilicholala kifudifudi ni chaji chanya, kilicholala chali, meno juu, ni hasi. Veneranda anamwambia chaji ziko wapi, yeye anazipanga kwa vidole, anazipapasa, kisha wanakokotoa wote wawili, kila mtu upande wake, na mwishoni wanalinganisha.

Tatizo la kwanza lilikuwa kulia na kushoto. Veneranda akisema kulia, mzee anagusa mkono wake wa kulia, ambao kwa Veneranda ni kushoto. Mzee akapiga marufuku maneno hayo.

"Hapa darasani hakuna kulia wala kushoto," alisema. "Kuna Mbalizi, kuna Uyole, kuna Loleza, kuna barabarani. Hizo hazibadiliki hata mtu akisimama kwa kichwa."

Kwa Veneranda aliyeelekea barabara, mkono wa kulia ulikuwa upande wa Mbalizi, mji ulio ng'ambo moja ya Mbeya, na wa kushoto upande wa Uyole, ng'ambo ya pili. Basi chaji iliyochorwa kulia mwa karatasi ikawa "ya Mbalizi," ya kushoto ikawa "ya Uyole," na ya juu ya karatasi ikawa "ya barabarani." Jambo likaenda vizuri. Majirani waliopita walisikia mzee wa heshima akiuambia ukuta kwamba nguvu ya Mbalizi imeizidi ya Uyole, wakadhani ni siasa.

Mzee Yotamu alikuwa amefundisha wanafunzi wengi wenye akili, na wengine walikuwa na akili kuliko Veneranda, hilo hakulificha. Lakini hakuwahi kukutana na mtu aliyekataa kuondoka kwenye jambo ambalo hajalielewa kama huyu. Wanafunzi wake wa zamani walitaka kanuni, waweke namba, wapate jibu, waende kucheza mpira. Huyu alitaka kujua kwa nini umbali unapigwa mraba.

"Ukiongeza umbali mara mbili," mzee alimweleza, "nguvu haipungui nusu. Inabaki robo. Ukiongeza mara tatu, inabaki sehemu moja ya tisa."

Nyuma ya pazia ikasikika sauti ya kujaribu kuzuia kicheko.

"Kuna nini?"

"Hakuna, baba. Nimepata mfano, ila sina adabu ya kuusema."

Mama Eveline, aliyekuwa anachambua mchele pembeni, akadakia. "Sema! Hapa hakuna mchungaji."

"Ni hivi, mama. Baba akiwa kule getini na fimbo yake, mimi nasogea kidogo tu. Akifika ngazini, natembea. Akifika mlangoni, nakimbia mpaka nasahau kandambili. Haiongezeki kidogo kidogo. Inaongezeka kwa ghafla."

Mama Eveline alicheka mpaka ungo ukamponyoka. Mzee naye alijaribu kukunja uso, ikashindikana. Alikuwa amefundisha kanuni ile karibu maisha yake yote kwa taa, kwa kamba, kwa mipira ya kuning'iniza, na hakuwahi kupata mfano uliokaa vizuri hivyo. Tena ulikuwa umetoka kwa mtu aliyeiheshimu desturi ile huku akiiona inavyochekesha, bila kuona kwamba kimoja kinamzuia kufanya cha pili.

Siku nyingine ilikuwa zamu yake mzee kuuliza. Alimuuliza kuhusu mashine ya kiwandani, kwa maana hakuwahi kuiona. Veneranda akamweleza mabomba, kitambaa, nyuzi zinavyoruka. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayekanyaga daraja jipya, "Nadhani sasa naanza kuona, baba. Bomba linasuguliwa, linapata chaji. Likisogea juu ya chai linavuta vyote, chai na kijiti. Lakini kijiti ni chepesi na chai ni nzito. Kwa hiyo si kwamba chai haivutwi. Inavutwa, ila uzito wake unashinda."

"Ndaga," alisema Mzee Yotamu, neno ambalo kwao ni la shukrani, na halisemwi ovyo na mkubwa kwa mdogo. "Ndaga fijo, mwanangu."

Ikafika Jumamosi ya zoezi la mwisho. Bahasha ilitakiwa iwe chuoni Jumatatu asubuhi, na Jumapili ofisi ya vifurushi haifungui. Idrisa, mtu mzima wa mtaa ule anayefanya kazi ya vifurushi vya basi, alikuwa ameahidi kupita na pikipiki yake kabla ya saa sita, aichukue mwenyewe, iende na basi la mchana.

Maswali mengine Veneranda aliyamaliza jana yake. Lilibaki moja, na hilo moja ndilo lililobeba alama nyingi. Kwa haraka hakumsomea mzee swali lenyewe lote. Alichora kwanza, kisha akampa nafasi za chaji kama walivyozoea.

"Baba, chaji tatu. A ni chanya, maikrokulombi mbili. B ni hasi, ishirini, iko Mbalizi kwa A, sentimita thelathini. C ni hasi, kumi na tano, iko barabarani kwa A, sentimita thelathini vilevile. Wanataka nguvu inayoipata A kutoka kwa zote mbili, kiasi na uelekeo. Uelekeo wanautaka kwa dira."

"Vema," mzee alisema, akipanga vizibo vyake. "Kila mtu afanye. Usinisubiri."

Ukasikika mkwaruzo wa kalamu ndani, na nje vidole vya mzee vikitembea juu ya mbao. Kei, ile namba ya kanuni isiyobadilika, ni tisa mara kumi kipeo cha tisa. Chaji ya A mara ya B, kisha mara kei, ni sifuri nukta thelathini na sita. Gawa kwa mraba wa umbali, sifuri nukta sifuri tisa: nyutoni nne. Ya C kwa njia ileile: nyutoni tatu. Hazijumlishwi zikawa saba, maana kila moja inavuta njia yake; zinakutana kama pande mbili za pembetatu, na upande wa tatu ni nyutoni tano. Mzee aliyafanya yote hayo kichwani, kama anavyosali.

"Umepata ngapi?" aliuliza.

"Nyutoni tano, baba."

"Safi! Na uelekeo?"

"Nyuzi thelathini na saba, kaskazini mwa mashariki."

Mzee akapapasa vizibo vyake. B upande wa Mbalizi, C upande wa barabara. Mbalizi ni magharibi, barabara ni kusini. "Hapana," alisema. "Nyuzi thelathini na saba ni sawa. Lakini ni kusini mwa magharibi. Umekwenda kinyume kabisa. Umekosea alama, mwanangu. Chanya na hasi zinavutana, wewe umezisukuma."

"Nimezivuta, baba," Veneranda alijibu.

"Ungezivuta, usingefika huko."

"Nitarudia."

Akarudia. Mzee naye akarudia. Mama Eveline alipita na beseni la nguo, akasimama. Jibu la Veneranda likatoka vilevile, na la mzee vilevile, moja linaelekea huku na jingine linaelekea kule, kama watu wawili waliogombana wakapeana mgongo.

"Mwanangu," Mama Eveline alisema kwa sauti ya chini dirishani, "andika alivyosema baba. Amefundisha mainjinia."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mzee Yotamu alipajua ugumu wake kuliko mtu yeyote. Mkamwana hampingi baba mkwe hata katika bei ya chumvi. Tena huyu hakuwa baba mkwe tu, alikuwa mwalimu, na mwalimu pekee aliyekuwa naye. Chuo kilikuwa kinategemea mstari mmoja. Akiandika la mzee na likawa baya, mlango umefungwa. Akiandika lake na likawa baya, mlango umefungwa na ameonekana mkaidi. Mtu mwingine yeyote angefuta na kuandika la mkubwa, ili likiharibika liharibike mikononi mwa mkubwa.

"Siwezi, mama," Veneranda alisema. "Nisamehe, baba. Sikubali. Sijui nimekosea wapi, na sitaandika nisichokiona."

Mama Eveline aliliachia beseni. Mzee alisikia maji yakimwagika, akasikia pia damu ikimpanda kichwani. Kwa miaka yake yote hakuna mtoto wa nyumba ile aliyemwambia sikubali. Aliinuka, fimbo mkononi. Na katika kuinuka kule ghadhabu ikamgeukia yeye mwenyewe: alikuwa anafanya nini huku nje na vizibo vya soda, wakati binti wa watu anapoteza chuo kwa sababu hakuna anayeweza kukaa naye meza moja, amshike mkono, amwambie weka hapa, chora hapa?

"Naingia," alisema. "Desturi itanisamehe. Naingia, utanisogezea vidole vyangu juu ya karatasi yako, tuone kosa liko wapi."

"Usije, baba!" Veneranda alisema upesi. "Tafadhali. Hatujashindwa bado. Keti."

Mzee akasimama palepale.

"Keti, baba. Ninaomba uguse kizibo cha B. Kiko wapi?"

Mzee akaketi taratibu, akapapasa. "Mbalizi, kama ulivyosema."

"Na C?"

"Barabarani."

"Na Mbalizi ni upande gani wa dira?"

"Magharibi, mwanangu. Jua linazama wapi?"

Nyuma ya pazia ikasikika karatasi ikiinuliwa. Kisha Veneranda, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akasoma swali lenyewe kwa sauti, neno kwa neno, kwa Kiingereza chake cha kujikongoja, na akalitafsiri: chaji B iko mashariki mwa A. Chaji C iko kaskazini mwa A.

Mzee Yotamu akarudisha kidole kwenye kizibo cha B.

"Mashariki nimeichora kulia kwa karatasi," Veneranda alisema, maneno yakianza kukimbizana, "kama shuleni, kama ramani. Na kulia kwangu mimi hapa dirishani ni Mbalizi. Basi nikakwambia Mbalizi. Kaskazini nimeiweka juu, na juu ya karatasi yangu ni barabarani, ambako ni kusini. Baba, wewe umefanya sawa kabisa. Umefuata mahali nilipokuweka. Mimi nimefanya sawa kabisa. Karatasi ndiyo imekaa kichwa chini miguu juu! Tumeisoma hivyo tangu siku ya kwanza, na haikutudhuru kwa sababu hakuna swali lililowahi kuuliza dira."

Ukasikika mkwaruzo wa karatasi ikizungushwa juu ya kibao cha chapati, mpaka mashariki yake ikatazama Uyole na kaskazini yake ikatazama Loleza. Nje, mzee naye alishika ubao wake kwa mikono miwili, akauzungusha nusu mzunguko, polepole, vizibo visimwagike. Akapapasa tena. B upande wa Uyole. C upande wa Loleza. A katikati, inavutwa.

"Kaskazini mwa mashariki," alisema.

"Kaskazini mwa mashariki, baba."

Alianza kucheka. Alicheka cheko la mtu aliyetua mzigo, akipiga mbao kwa kiganja, vizibo vikaruka na kutawanyika barazani. Katika madarasa yote aliyosimama mbele yake, hakuna mwanafunzi angeweza kufanya kosa lile, kwa sababu hakuna mwanafunzi aliyewahi kusomea dirishani, amegeuzia mgongo mlima Loleza, akifundishwa na mtu asiyetakiwa kumwona. Na hakuna ambaye angelitafuta kosa kwa namna ile, bila kumwangusha mwalimu wala kujiangusha mwenyewe.

"Mama Timo!" aliita. "Umesikia? Amenikatalia."

"Nimesikia. Nimeloa mpaka magotini."

"Wakati nafundisha, nilikuwa nawaambia watoto: msiniamini, hakikisheni. Wote waliitikia ndiyo mwalimu, na wote wakaniamini." Akageuza uso kuelekea pazia, macho yake yasiyoona yakiwa yameinama kwa adabu. "Wewe ndiye wa kwanza kunitii, mwanangu."

Veneranda alikuwa anaandika. Mzee alisikia kalamu ikienda bila kusita, mstari kwa mstari, na hakutaka kuisumbua.

Honi ya pikipiki ikalia getini. "Hodi jamani! Bahasha iko wapi?" Idrisa aliita. "Mama, basi halina shemeji, likiondoka limeondoka!"

"Subiri, wewe! Fizikia haipikwi kama maandazi!" Mama Eveline alijibu.

"Fizikia? Mimi niliikimbia kidato cha kwanza. Salimia huko!"

Veneranda alipitisha karatasi chini ya pazia kwa mama mkwe wake, zikiwa zimekunjwa mara mbili, pamoja na bahasha ya kaki. Anuani ya chuo kule Iringa alikuwa ameshaiandika kwa herufi kubwa. Nyuma, mahali pa mtumaji, aliandika jina lake, na chini yake akaacha mstari mmoja mtupu, kwa sababu sanduku la posta lilikuwa la mzee, na jina la baba mkwe hakuwa na desturi ya kulitaja, hata kwa kalamu.

Mama Eveline akavaa miwani, akaandika mwenyewe, herufi zikipanda na kushuka: *Kwa mkono wa Mwl. Yotamu Mwakalobo, mwalimu wake.* Maneno mawili ya mwisho hakuambiwa na mtu ayaandike. Akayasoma kwa sauti ili wote wawili wasikie, wa ndani na wa nje.

Mzee akanyoosha mkono. "Nipe niibandike."

Akailowesha gundi kwa ulimi, akakikunja kifuniko, akaipitishia kidole gumba kutoka pembe moja hadi nyingine, kisha akairudia, akiibana kwa uzito wote wa mkono. Mama Eveline akaipeleka getini. Idrisa akaitia ndani ya koti lake, akavuta zipu mpaka shingoni, akageuza pikipiki, na bahasha ikashika njia ya kwenda stendi, kwenye basi la Iringa.